Fangasi wa mdomoni na madini ya mate: kwa nini kidonge cha zinki si jibu

Mteja anayefika kwenye famasi yetu Mbagala akiwa na fangasi wa mdomoni mara nyingi huwa ameshafanya moja kati ya mambo mawili. Ama amesukutua kwa maji ya chumvi hadi ulimi umechoka, ama ameambiwa na jirani kwamba kinga yake imeshuka na sasa anatafuta vidonge vya zinki. Hakuna la kipuuzi hapo. Chumvi na zinki kweli vinahusika na ulinzi wa kinywa. Ila ukiifuatilia kazi yake hadi ndani ya mate yenyewe, unakuta jambo ambalo sisi watu wa dawa hatuwaelezi wagonjwa vya kutosha: madini yanayoyasaidia mate kuua fangasi ndiyo hayohayo yanayoweza kuyadhoofisha. Inategemea ni madini gani, yako kiasi gani, na yako wapi.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu linabadilisha namna mtu anavyojitibu nyumbani.

Fangasi anayeishi nasi

Anayehusika zaidi anaitwa Candida albicans, jamii ya hamira. Watu wazima wengi wenye afya njema wanaye mdomoni na hawajui, kwa kuwa idadi yake iko chini na hawasumbui. Hakuletwa na uchafu, wala si ushahidi kwamba mtu ana tabia mbaya. Nayasema haya mapema kwa sababu aibu ndiyo inayowachelewesha wengi kutibiwa. Shida huanza anapopata nafasi. Anaacha umbo lake la duara, anarefuka kuwa nyuzi zinazopenya ngozi laini ya kinywa, na hapo ndipo yanapotokea madoa meupe yanayokwanguka na kuacha wekundu, ulimi unaowaka, pembe za midomo zinazochanika, chakula kinachopoteza ladha. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wanaotakiwa kupewa kipaumbele, huyu aliwekwa kwenye kundi la juu kabisa, hasa kwa sababu ya wale wanaoingia kwenye damu ya wagonjwa mahututi.

Kinywani anazuiwa na vitu kadhaa kwa pamoja: ngozi nzima isiyo na michubuko, bakteria wenzake wanaogombea naye nafasi, seli nyeupe za damu, na mate. Kwenye mate ndipo madini yanapoingia.

Kilichomo kwenye mate

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Asilimia 99 hivi ni maji. Hiyo asilimia moja iliyobaki ndiyo yenye mambo: sodiamu, potasiamu, kloraidi, kalsiamu, fosfeti, baikaboneti, kiasi kidogo sana cha zinki, shaba na chuma, na protini za aina nyingi. Sehemu kubwa ya mate inatoka kwenye jozi tatu za tezi: zilizo mbele ya masikio, zilizo chini ya taya na zilizo chini ya ulimi.

Mate yanapozaliwa ndani ya tezi huwa na chumvi inayokaribiana na ya damu. Kisha yanapita kwenye vijifereji kuelekea mdomoni, na kuta za vijifereji hivyo zinanyonya tena sodiamu na kloraidi na kuzirudisha mwilini. Ukiwa umetulia, huli chochote, mate yanayofika mdomoni huwa na sodiamu isiyofika hata moja ya kumi ya ile iliyo kwenye damu. Ndiyo maana machozi na jasho utayasikia chumvi ukiyaonja, lakini mate yako mwenyewe huyasikii. Upungufu huo wa chumvi unaturuhusu kuonja chumvi ya chakula, na unafanya kazi nyingine kubwa zaidi kwa mada yetu: unaiacha huru protini inayoua fangasi.

Protini hizo ni familia inayoitwa histatini. Inayojulikana zaidi kwa kuua Candida ni histatini 5. Ni fupi kweli: asidi amino (vijenzi vya protini) 24 tu, na 7 kati ya hizo ni histidini, ambayo ndiyo iliyoipa familia jina. Kwa ujumla wake ina chaji chanya, wakati uso wa seli ya fangasi una chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, kwa hiyo histatini inanata juu ya fangasi.

Baada ya kunata, kwa kawaida haimtoboi fangasi kwa nguvu kama protini nyingine za ulinzi zinavyofanya. Inaingizwa ndani na fangasi mwenyewe, kupitia milango ambayo seli yake hutumia kuvuta chakula cha aina fulani. Ikishaingia, seli inaanza kuvuja: nishati yake inatoka nje, potasiamu inatoka nje, seli inasinyaa na kufa. Jambo la kuvutia ni kwamba fangasi ambaye mitambo yake ya kuzalisha nishati imezimwa huwa mgumu zaidi kuuawa na histatini. Protini hii inamhitaji fangasi aliye hai na anayefanya kazi ili imuue.

Shikilia hatua mbili hizo, kunata kwanza na kuingia baadaye. Karibu kila kitu ambacho madini hufanya, kizuri au kibaya, kinatokea kwenye moja ya hatua hizo.

Chumvi inaingia katikati

Chumvi ya kawaida ikiyeyuka inagawanyika kuwa sodiamu yenye chaji chanya na kloraidi yenye chaji hasi. Zikijaa kwenye mate, sodiamu zinauzunguka uso wa fangasi na kloraidi zinaizunguka histatini. Mvuto kati ya histatini na fangasi unapungua, ni kama ndugu wawili wanaotafutana Kariakoo Jumamosi ya kabla ya Idi: wako hatua chache tu, lakini umati uliopo katikati hauwaruhusu kuonana. Maabara imelithibitisha hili mara nyingi. Histatini iliyowekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo inaua Candida vizuri. Ukiongeza chumvi, uwezo wake unashuka.

Kalsiamu na magnesiamu zinafanya hivyohivyo, tena kwa kiasi kidogo zaidi, maana kila moja ina chaji mbili badala ya moja. Zinakaa kwenye nafasi ambazo histatini ingenata.

Hapo kuna mvutano ambao binafsi naona ni wa kustaajabisha. Kalsiamu ileile inayoizuia histatini ndiyo inayolinda meno. Mate yanabeba kalsiamu na fosfeti nyingi kiasi kwamba zingeweza kugandamana na kuwa mawe, na kuna protini nyingine, statherini, ambayo kazi yake ni kuzuia zisigande ovyo ili ziendelee kupatikana pale jino linapoanza kuliwa na asidi. Mwili haukuchagua kati ya jino na ulinzi dhidi ya fangasi. Umekubali kupoteza kidogo huku ili upate kule, kisha ukafidia kwa kutoa histatini mpya muda wote, saa baada ya saa, kadiri mate yanavyotiririka.

Ndiyo maana nasisitiza mtiririko kuliko kingine chochote. Histatini haidumu mdomoni. Bakteria huikatakata, na Candida mwenyewe hutoa vimeng'enya vinavyoisaga. Ulinzi unaotegemea kitu kinachoharibika haraka unasimama tu kama kinaletwa kipya kila dakika. Mdomo ukikauka, madini yabaki vilevile au yasibaki, askari wenyewe hawafiki.

Turudi kwenye maji ya chumvi basi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji kinatengeneza maji yenye sodiamu nyingi kuliko hata damu. Kwa dakika zile yako mdomoni, histatini haiko kwenye hali yake nzuri. Lakini ukishatema, mate mapya yanaosha chumvi ile muda si mrefu na mambo yanarudi. Kusukutua kunaondoa mabaki ya chakula na kunatuliza michubuko, kwa hiyo sikukatazi. Ninachokataa ni mtu kukaa wiki mbili akisukutua mara kumi kwa siku akiamini anaua fangasi. Hiyo si tiba yake.

Na kuna swali ambalo watu wa Dar es Salaam wana haki ya kuuliza, maana mitaa mingi inatumia maji ya kisima yenye ladha ya chumvi: je, maji hayo yanabadilisha mate? Kwa mtu mwenye afya, hapana. Chumvi ya mate inapangwa na tezi na vile vijifereji, na unywaji wa maji ya kisima hauifanyi iwe ya bahari. Athari inaweza kuja kwa njia nyingine: mtu asiyependa ladha yake anakunywa maji machache kwenye joto hili la kwetu, mwili unakauka, mate yanapungua. Kwake yeye tatizo linakuwa uchache wa mate, na chumvi ya kisima haihusiki moja kwa moja.

Zinki: kidogo inanoa, nyingi inafunga

Histatini 5 ina sehemu maalumu inayoweza kushika zinki. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, walionyesha kwamba zinki ikiwepo kwa kiasi kidogo, chembe moja ya zinki kwa histatini mbili hivi, protini hizo zinaungana na kuharibu utando wa seli ya fangasi kwa nguvu zaidi. Habari kama hiyo ikifika mtaani bila maelezo, kesho yake zinki inaisha madukani.

Lakini mwaka 2022 kundi lingine, la Chuo Kikuu cha Duke, lilionyesha upande wa pili. Zinki ikiwa nyingi nje ya seli, histatini inabaki imenata juu ya fangasi bila kuingia ndani, na uwezo wake wa kuua unapungua. Hatua ya kwanza imefanyika, ya pili imekwama. Ukizisoma tafiti hizi mbili pamoja hazipigani sana kama zinavyoonekana. Zilipima katika mazingira tofauti na kwa viwango tofauti, na zote zinasema uwiano kati ya zinki na histatini ndio unaoamua, wala si wingi wa zinki peke yake.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu una uzito zaidi, nao ni namna mwili unavyofanya ukivamiwa. Seli nyeupe za damu zinapofika kwenye kidonda cha fangasi zinamwaga protini inayoitwa kalprotektini, inayokamata zinki na manganizi zilizoko pale na kuzifungia. Fangasi anazihitaji ili akue. Naye amejiandaa: Candida hutoa protini yake inayoenda kuzoa zinki kutoka kwenye seli za mwili na kumrudishia. Mwili, kwenye vita hii, hauongezi zinki mahali pa ugonjwa. Unaificha. Sisi tunataka kumwagia.

Wiki chache zilizopita alikuja bibi mmoja, khanga mbili, kibeti mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nipe zile zinki za watoto, nizimumunye mimi. Ulimi unawaka kama nimelamba pilipili."

"Pole sana bibi. Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hii tu ya pumu, ya kuvuta. Asubuhi na jioni."

"Ukishavuta, unasukutua mdomo na kutema?"

"Nisukutue tena? Si nitaitoa dawa, mwanangu?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Dawa nyingi za pumu za kuvuta kila siku zina steroidi, dawa inayotuliza uvimbe kwenye njia za hewa. Ile iliyokusudiwa mapafu imeshafika kwenye mapafu. Inayobaki mdomoni na kooni haina kazi pale ila kuishusha kinga ya sehemu hiyo. Kusukutua kwa maji ya kawaida na kutema baada ya kila mvuto kunaiondoa, na mapafu hayapungukiwi kitu. Zinki isingegusa chanzo hicho hata kidogo. Nilimpa maelezo, nikamtazama mdomo, nikamwelekeza kituo cha afya akapimwe na sukari pia.

Vidonge vya zinki alivyovitaka viko kila duka la dawa kwa sababu njema. Mtoto anayeharisha hupewa pamoja na maji ya chumvichumvi ya pakiti: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Kazi hiyo inaifanya vizuri na imeokoa watoto wengi. Ila mtu mzima akizimeza ovyo kwa miezi anajitafutia balaa lingine, kwa kuwa zinki nyingi kwa muda mrefu inauzuia utumbo kunyonya shaba. Shaba ikipungua sana damu inaharibika, mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inakufa ganzi. Imewahi kutokea nchi za nje kwa watu waliotumia kupita kiasi gundi za meno ya bandia zilizokuwa na zinki.

Na shaba yenyewe ni rafiki wa histatini. Mwanzo wa histatini 5 una asidi amino tatu ambazo, zikikaa kwa mpangilio ule, zinaishika shaba kwa nguvu sana, na utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba ikishaishika uwezo wake wa kumuua Candida unaongezeka. Kwa hiyo anayemeza zinki kupita kiasi ili kupambana na fangasi anahatarisha madini mengine yaliyokuwa upande wake.

Chuma: hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa

Kama kuna madini ambayo fangasi anayapigania kufa na kupona, ni chuma. Bila chuma hawezi kuzalisha nishati wala kugawanyika. Mate yana protini inayoitwa laktoferini, na kila moja inabeba chembe mbili za chuma na kuziweka mbali naye. Candida ana majibu yake: anaweza kuchomoa chuma kutoka kwenye himoglobini ya damu, na anaweza kukipata kutoka kwenye feritini, ghala la chuma lililo ndani ya seli zetu.

Mwaka 2015 lilijulikana jambo la ziada. Chuma kikikutana na histatini 5 kinashikamana nayo, na histatini yenye chuma haimuui Candida vizuri. Kwa hiyo chuma kilicho huru mdomoni kinatuumiza mara mbili, kwa kumlisha adui na kwa kuifunga protini iliyotumwa kumuua.

Msomaji anaweza kufikia hapa akaamua kuacha vidonge vya kuongeza damu. Tafadhali usifanye hivyo. Upungufu wa chuma mwilini nao unaleta fangasi mdomoni, na madaktari wa meno wamelijua hili kwa miaka mingi. Chuma kikipungua, ngozi ya ulimi na mashavu inakuwa nyembamba, ulimi unakuwa laini na kuuma, pembe za midomo zinachanika, na seli nyeupe zinakosa nguvu ya kumaliza vijidudu zilivyovikamata. Mlango unakuwa wazi, na wanaoulinda wamechoka.

Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kupingana ukikumbuka mahali. Chuma kinatakiwa kiwe ndani: kwenye damu, kwenye seli, kwenye uboho wa mifupa. Kikielea huru kwenye mate ndipo kinapokuwa mali ya fangasi. Kidonge kinachomezwa na maji mengi kinapita mdomoni kwa sekunde na kwenda kufanya kazi yake. Chuma cha maji, cha chupa, kinyweke kikifuatiwa na maji, ambayo pia yanasaidia meno yasiingie weusi.

Fizi zinazotoka damu ni suala zito zaidi kuliko kidonge. Kila siku damu kidogo inaingia kwenye mate, na damu ni chuma. Mtu anatibiwa fangasi, anapona, wanarudi, na hakuna aliyemuuliza kama akipiga mswaki mate yanakuwa mekundu. Ukiwa hivyo, nenda kwa daktari wa meno asafishe ugaga. Mswaki wa plastiki au wa mti, vyote vinafaa ukivitumia kwa upole na kila siku.

Kwa wajawazito wa mji huu kuna la ziada: udongo wa kula, pemba, unaouzwa masokoni umepangwa vizuri kwenye sinia. Udongo wa mfinyanzi unaweza kushikamana na chuma cha chakula tumboni na kukizuia kisinyonywe. Utafiti uliofanyika hapa Dar es Salaam kwa wajawazito wanaoishi na VVU, uliochapishwa 2009, ulikuta kwamba kula udongo kunaendana na upungufu wa damu. Hamu ya udongo yenyewe inaweza kuwa dalili kwamba chuma kimeshapungua, kwa hiyo simlaumu mama anayeula; namwomba amwambie mkunga kliniki apimwe damu. Chai ya rangi inayonywewa palepale na chakula nayo inapunguza chuma kinachonyonywa kutoka kwenye maharage na mchicha. Ukiisogeza saa moja mbele inatosha.

Asidi, meno ya bandia na dawa zinazokausha

Histidini zile 7 zina tabia ya kubadilika kadiri asidi inavyopanda. Mate ya kawaida yana pH (kipimo cha asidi, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) inayozunguka 6.7. Yakishuka chini ya 6, histidini zinajaa chaji chanya na uwezo wa histatini kushika zinki unapungua. Soda na juisi za sukari zinazonywewa kidogokidogo mchana kutwa zinafanya kazi hiyo, kwa sababu bakteria wanageuza sukari kuwa asidi na Candida naye anapenda sukari. Chini ya meno ya bandia hali ni mbaya zaidi, maana mate hayapenyi pale vizuri. Yavuliwe usiku, yasuguliwe, yalazwe kwenye maji safi. Kulala nayo ni kosa ninalolikuta kwa wazee wengi, na mara nyingi hawajawahi kuambiwa na yeyote.

Orodha ya dawa zinazopunguza mate ni ndefu: amitriptilini, dawa nyingi za mafua na mzio zinazoleta usingizi, baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo. Usiziache kwa kichwa chako. Mwambie daktari kwamba mdomo unakauka, mara nyingine kuna mbadala au dozi inaweza kubadilishwa. Waliopigwa mionzi ya saratani ya kichwa na shingo wana hali ngumu kuliko wote, kwa kuwa tezi zenyewe zinaweza kuungua na zisirudi, na wanahitaji ufuatiliaji wa kinywa wa kudumu. Anayefunga Ramadhani akiwa na afya asiwe na wasiwasi: mate hupungua mchana na kurudi baada ya futari, ilimradi maji yanywewe ya kutosha usiku.

Kisukari kinagusa kila upande wa habari hii. Sukari inaongezeka kwenye mate, mate yenyewe yanapungua, seli nyeupe zinalegea. Na VVU pia: tafiti zimekuta histatini 5 ikiwa pungufu kwenye mate ya baadhi ya watu wanaoishi na VVU, mbali na kushuka kwa kinga ya seli. Ndiyo sababu mtu mzima anayepata fangasi wa mdomoni bila sababu inayoeleweka, au wanaorudi kila mara, anashauriwa apime vyote viwili. Kipimo cha VVU ni bure kwenye vituo vya serikali, na anayeanza dawa mapema mdomo wake unapona na fangasi wanaacha kurudi.

Kilichopo kwenye rafu leo

Watafiti wamejaribu kuigeuza histatini kuwa dawa. Walikata kipande cha asidi amino 12 kutoka katikati ya histatini 5, wakakiita P-113, na kikafika hadi kujaribiwa kwa wagonjwa kama dawa ya kusukutua. Kizuizi kilichowasumbua ni kilekile: chumvi. Kipande kinaua vizuri kwenye maji matupu na kulegea kikikutana na chumvi nyingi. Kundi moja la Taiwan likabadilisha baadhi ya histidini zake kwa asidi amino nene zaidi, na mwaka 2011 likaonyesha vipande vinavyoendelea kuua hata chumvi ikiwa juu. Ni kazi nzuri, lakini bado haijawa chupa unayoweza kuinunua Mbagala.

Tulichonacho ni dawa za kawaida, na zinafanya kazi. Flukonazo ni kidonge kinachofika mwilini kote. Utafiti uliofanyika hapahapa Dar es Salaam na kuchapishwa 2008, kwa wagonjwa 220 wanaoishi na VVU, ulilinganisha dozi moja ya miligramu 750 na miligramu 150 kila siku kwa siku 14, na zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 walipona kwa njia zote mbili. Hiyo ni dozi ya kuandikiwa na daktari, si ya kujipimia. Flukonazo inagongana na dawa nyingine kadhaa, na mjamzito asiinywe bila kuelekezwa. Ukisikia maumivu ukimeza, chakula kinakwama kifuani, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu fangasi wanaweza kuwa wameshuka kwenye umio, mrija unaopeleka chakula tumboni.

Nistatini ni ya matone au ya maji, iligunduliwa 1950 na wanasayansi wawili wanawake wa jimbo la New York, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown. Hainyonywi na mwili, kwa hiyo inaua tu pale inapogusa. Wengi wanaimeza kama dawa ya kikohozi na kurudi wakisema haijawasaidia. Iweke mdomoni baada ya kula, izungushe kila upande, ikae dakika kadhaa kabla ya kuimeza au kuitema, halafu usile wala kunywa kitu kwa nusu saa. Mwenye meno ya bandia ayavue kwanza. Madoa yakishatoweka endelea siku mbili zaidi, kisha fungua droo ya dawa ulizonazo nyumbani na uje nazo zote; tutazipitia moja moja tuone ipi inayokukausha mdomo.